Je, Ni Mdogo au Hakui?

Ni maneno machache yanayomchoma mzazi kama lile swali linaloulizwa kwa upole mlangoni mwa kanisa baada ya ibada: "Huyu ana miaka mingapi? Mbona mdogo hivi?" Anayeuliza hana nia mbaya. Lakini mama hurudi nyumbani amelibeba neno hilo, na usiku humwinamia mtoto aliyelala, akimpima miguu kwa macho.

Katika kazi ya uuguzi tumelisikia swali hilo miaka mingi, na tumejifunza kwamba ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza: je, mtoto huyu ni mdogo? La pili: je, mtoto huyu anakua? Watu huyachanganya, kumbe kila moja lina jibu lake. Mwezi huu tungependa kuyatenganisha kwa mfano ambao huenda ukawachekesha, maana aliyetukumbusha tofauti hiyo nyumbani kwetu hakuwa mtoto wala mwanakondoo. Alikuwa mjusi.

MJUSI NDANI YA NYUMBA?

Familia yetu inaishi Uingereza, ambako baridi huwafungia watoto ndani miezi mingi, na ambako si ajabu mtoto kufuga sungura, kobe au hata mjusi chumbani. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka kumi, alikuwa ameomba mjusi kwa miaka miwili mfululizo, katika sala za jioni na nje ya sala. Familia moja tuliyofahamiana nayo ilipokuwa inahama, ilitupa mjusi mchanga wa miezi mitatu pamoja na sanduku lake la kioo na taa zake.

Bibi yake alipopata habari hizo kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huko mmekosa kuku?"

Mjusi huyo, ambaye Waingereza humwita joka mwenye ndevu, asili yake ni nyika kavu za ndani kabisa mwa Australia. Wataalamu humwita Pogona vitticeps, na hilo neno la kwanza linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ndevu. Chini ya kidevu ana miiba laini, na akiogopa hufura koo lote likawa jeusi. Australia hairuhusu mijusi hii ivuliwe na kuuzwa nje. Wanaofugwa Ulaya na Marekani wamezaliwa mikononi mwa wafugaji. Hata hivyo ukoo wake si mgeni kwetu. Wale mijusi wenye vichwa vyekundu mnaowaona wakiota jua juu ya miamba na kuta huko nyumbani ni binamu zake wa jamii moja.

Kijana wetu alimpa jina Goliathi. Alikuwa na urefu wa sentimita 19 kutoka puani hadi ncha ya mkia, na uzito wa gramu 24.

GOLIATHI ASIYEKUWA JITU

Joka mwenye ndevu huanguliwa akiwa na urefu wa sentimita 10 hivi. Akitunzwa vizuri hukua kwa kasi ya kushangaza, na akitimiza mwaka mmoja hadi mwaka na nusu huwa amekaribia urefu wake wa mwisho, ambao kwa wengi ni kati ya sentimita 40 na 60. Kwa hiyo katika miezi ya mwanzo mfugaji hutarajia kuona tofauti kila wiki.

Kila Jumamosi kijana wetu alimpima kwa rula, na kwa mizani ndogo tuliyoinunua kwa ajili ya mjusi peke yake, wala si ile ya jikoni. Aliandika hesabu zake kwenye daftari la shule. Wiki ya kwanza gramu 24. Wiki ya pili gramu 24. Wiki ya tatu gramu 25. Wiki ya nne gramu 24. Wiki ya sita sentimita 19 na nusu, gramu 25. Goliathi alikuwa anakula, ingawa si kwa pupa, na macho yake yalikuwa maangavu. Mgeni angesema hana tatizo lolote. Ni mdogo tu.

Jioni moja kijana alifunga lile daftari akasema, "Mama, labda yeye ni kama mimi."

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba jambo hili halikuwa la mjusi tu. Kijana wetu ndiye mfupi kuliko wote darasani. Katika picha ya shule yeye ndiye anayewekwa mbele, pembeni. Hakuwa amewahi kulalamika, nasi wazazi wake tulidhani halimsumbui.

MISTARI MIWILI MEZANI

Tulifungua kabati tukatoa kile kitabu chekundu ambacho kila mtoto wa Uingereza hupewa tangu kuzaliwa, ndugu wa kadi ya kliniki mnayoifahamu. Kadi hizo zina historia ya kutupa fahari sisi Waafrika. Daktari Mwingereza, David Morley, ndiye aliyezitengeneza miaka ya 1950 na 1960 akiwa Nigeria, akifanya kazi katika kijiji cha Imesi Ile, na akina mama wa kijiji hicho ndio waliokuwa wa kwanza kuzitunza majumbani mwao. Kutoka huko zilienea ulimwenguni. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vipya vya ukuaji kwa watoto wa chini ya miaka mitano, baada ya kuwapima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Lililoonekana ni kwamba watoto wa mataifa hayo yote, wakilishwa na kutunzwa vizuri, hukua kwa namna inayofanana sana katika miaka hiyo ya mwanzo.

Tulimwonyesha kijana mstari wake mwenyewe. Tangu alipokuwa na miaka miwili, alama zake zimefuata mstari wa tisa, maana yake katika kila watoto 100 wa rika lake, kama 9 tu ndio wafupi kuliko yeye. Mstari huo uko chini kwenye karatasi, lakini haujasimama. Unapanda mwaka hadi mwaka, sambamba na mistari ya wenzake walio juu. Baba yake ni mfupi, na bibi yake aliyeuliza habari za kuku hufika begani mwa watu wengi.

Kisha tulichukua karatasi nyingine tukachora mstari wa Goliathi kutoka kwenye daftari. Ulikuwa umelala kama barabara ya nyikani.

Kijana aliitazama mistari hiyo miwili kwa muda mrefu. "Kwa hiyo mimi ni mdogo tu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na Goliathi ni mgonjwa."

"Huenda."

"Basi twende kwa daktari."

ADA YA SHULE NA DAKTARI WA MJUSI

Akina mama mnajua kwamba kusema twende ni rahisi kuliko kwenda. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumepokea ujumbe kutoka nyumbani kuhusu ada ya mtoto wa ndugu yetu, na huku matibabu ya wanyama hulipiwa mfukoni. Usiku tulikaa mezani, mume na mke, tukaulizana kama ni haki kumlipia mjusi wa gramu 25 wakati kuna mtoto anayesubiri kurudi shuleni.

Hatukutaka kulijibu swali hilo kwa haraka. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 12, kinamhesabu kuwa mwenye haki mtu anayejali uhai wa mnyama wake. Lakini Maandiko hayo hayo yanamlaumu vikali asiyewatunza wa nyumbani mwake. Tulikubaliana kwamba ada itangulie, na ikatumwa kesho yake. Daktari angengoja mshahara uingie baada ya siku tisa. Kijana tulimweleza wazi sababu yake. Alilia kidogo, akakubali. Tunaamini mtoto akielezwa kweli ya mfuko wa nyumba, huumia kidogo leo na huwa mtu mzima mwenye busara kesho.

Siku hizo tisa hatukukaa bure. Tulifanya kile muuguzi anachofanya kabla daktari hajafika: kuangalia mazingira ya mgonjwa, jambo moja baada ya jingine.

JOTO, MWANGA, CHAKULA NA AMANI

Kwanza joto. Mjusi hatengenezi joto la mwili kama sisi. Hulichukua kutoka nje. Joka mwenye ndevu huhitaji sehemu ya kuotea yenye joto la nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, na upande wa pili wa sanduku uwe na ubaridi wa nyuzi 22 hadi 26 ili ajichagulie. Asipopata joto la kutosha, chakula hukaa tumboni bila kusagika. Tulipima, joto lilikuwa sawa.

Pili chakula. Mjusi mchanga hula wadudu zaidi kuliko majani, na wadudu hao wasizidi upana ulio kati ya macho yake mawili. Hula nyenje wanaouzwa dukani. Bibi alipoambiwa bei yake alicheka mpaka simu ikakatika. Nyenje wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo hunyunyiziwa unga wa kalsiamu kabla ya kulishwa. Upande wa mboga, tulifurahi kujua kwamba sukuma wiki ni miongoni mwa majani yanayomfaa zaidi, kwa kuwa ina kalsiamu ya kutosha, ilhali spinachi huishika kalsiamu isiingie mwilini, na parachichi ni sumu kwake. Hapo napo palikuwa sawa.

Tatu amani. Mijusi wawili wachanga wakiwekwa pamoja, mmoja humtawala mwenzake, humlalia akiota, humnyang'anya chakula na pengine humng'ata mkia. Mkia wa joka mwenye ndevu ukikatika hauoti tena kama ule wa mjusi wa ukutani. Mnyonge hudumaa hata chakula kikiwa tele. Goliathi alikuwa peke yake, na mkia wake ulikuwa mzima.

Nne mwanga. Mjusi huyu huhitaji taa maalumu inayotoa mionzi ya jua ile isiyoonekana kwa macho. Mionzi hiyo ikigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, na vitamini D ndiyo inayofungua mlango wa utumbo kalsiamu ipite. Bila hiyo, mwili huiba kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Taya hulegea, miguu hutetemeka na kupinda, na mnyama huacha kukua. Jua la dirishani halisaidii, kwa sababu kioo huzuia mionzi hiyo. Na taa hizi zina siri moja: mionzi yake hupungua taratibu mpaka ikaisha, huku taa yenyewe ikiendelea kuwaka. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, kulingana na maelezo ya mtengenezaji.

Taa ya Goliathi ilikuja pamoja na sanduku, na umri wake haukujulikana. Ilikuwa inang'aa vizuri. Tulinunua mpya siku ile ile.

CHOO KIKAPIMWE

Si kila daktari wa wanyama anayewajua mijusi, kwa hiyo tulimtafuta aliyezoea kuwatibu. Tulikwenda na taa ya zamani, lile daftari la vipimo na choo cha asubuhi ndani ya kikopo. Daktari alisema daftari hilo limemwambia mengi kuliko mjusi mwenyewe. Aliweka kipimo chini ya taa ya zamani, na mionzi ilikuwa karibu na sifuri. Kisha akakitazama choo kwa hadubini, akakuta vimelea vya koksidia kwa wingi.

Wafugaji wa kuku wanawajua ndugu za vimelea hawa, wale wanaowaharisha vifaranga damu. Vya mijusi ni vya aina yake. Joka wengi wenye ndevu huwa navyo kidogo bila kuumwa, lakini mnyama akidhoofika, huzidi na kumnyang'anya lishe. Taa iliyokufa ilikuwa imemdhoofisha Goliathi, na vimelea vikapata nafasi. Alipewa dawa ya maji kulingana na uzito wake, nasi tukaagizwa kuondoa uchafu wa sanduku kila siku ili asijiambukize upya.

Daktari pia alikumbusha jambo tunalotaka kila mama alishike. Mijusi na kobe, hata wakiwa wazima kabisa, hubeba bakteria wa Salmonela. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kuwashika. Vyombo vyao visisafishwe jikoni. Watoto wa chini ya miaka mitano wasiwashike.

Wiki tano baada ya dawa kwisha, mizani ilisoma gramu 48. Baada ya miezi mitatu Goliathi alikuwa na sentimita 30. Sasa ametimiza mwaka na miezi miwili, ana sentimita 41, na daktari amesema huenda asiwe mkubwa kama angekuwa bila miezi ile iliyopotea. Lakini mstari wake umepanda.

YA MJUSI NA YA WATOTO WETU

Ugonjwa huo wa mifupa ya mjusi una ndugu yake kwa binadamu, nao ni matege. Katika miji ya viwanda ya Uingereza ya karne ya 19, moshi ulipolifunika jua, watoto wengi walipinda miguu. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwatibu watoto wenye matege kwa mwanga wa taa maalumu, na mifupa yao ikakaza. Taa iliyo juu ya sanduku la Goliathi inafanya kazi kwa kanuni ile ile.

Kwa akina mama wenzetu mnaoishi katika nchi za baridi: ngozi yetu nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza vitamini D, na Uingereza kati ya Oktoba na mwanzo wa Machi jua halitoshi kwa mtu yeyote. Wataalamu wa afya wa huku hushauri kila mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apewe mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, na wanatutaka sisi wenye asili ya Afrika tufikirie kuitumia mwaka mzima.

Na mlio nyumbani msiseme, sisi jua tunalo. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti kutoka Nigeria, nchi ya jua tele, ukionyesha kwamba watoto wenye matege walipona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu kuliko walipopewa vitamini D peke yake. Jua walikuwa nalo. Kilichopungua ni kalsiamu katika chakula. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mboga za majani si chakula cha maskini. Ni mifupa ya watoto wenu.

Basi, tunashauri hivi. Usimpime mtoto wako kwa mtoto wa jirani. Mpime kwa yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Kipimo kimoja hakisemi mengi, vipimo vingi vikiunganishwa ndivyo vinavyosema. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda, mshukuru Mungu na umwache awe mdogo kwa furaha. Lakini mtoto ambaye mstari wake umelala au umeshuka, hata akiwa mnene, hata akicheka na kula, mpeleke kliniki, wala usingoje aonekane mgonjwa. Aidha, kadi isiishie kabatini mtoto anapomaliza chanjo.

Na kuna taa nyingine za kuangalia, ambazo huwaka bila kutoa kinachohitajika. Nyumba yaweza kuwa na chakula, ada na nguo, na mtoto akawa amenyamaza na swali lake miaka miwili. Kijana wetu alihitaji mjusi ndipo aseme.

Tunapenda kumfikiria Hana, mama yake Samweli. Mwanawe aliishi mbali, hekaluni, naye alimwona mara moja kwa mwaka alipopanda na mumewe kutoa dhabihu. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Maandiko hayasemi alipata wapi vipimo. Lakini mama anayeshona kanzu ya mtoto asiyemwona lazima akae na kitambaa mapajani na kukumbuka: mwaka jana alinifika hapa, mwaka huu atakuwa hapa. Naye hakumshonea Samweli kanzu ya kumtosha mtoto wa mtu mwingine.